Mfalme Karudi Shambani kwa Nani?

Sokoni Karuba, mama muuza mandazi alikuwa akichana kitabu kikuukuu cha historia ili afungie mandazi. Nilimwomba asubiri, nikamsomea ukurasa mmoja nikiutafsiri kwa Kiswahili: mfalme aliyefukuzwa amerudi, kengele zinalia, watu wanashangilia.

Mama huyo, aliyekimbia vita kwao Ngungu na ambaye shamba lake sasa linalimwa na mwingine, aliacha kuchana.

“Na ule mwenye alikuwa analima mu shamba ya mfalme wakati hayuko, walimupeleka wapi?”

“Kitabu hakisemi, Mama.”

“Basi soma yote. Ukipata kwenye walimupeleka, ni apo njo nitarudi kwetu.”

Alinipa kitabu. Pembeni yake ulikuwapo mfuko wa mbegu za maharagwe alizokimbia nazo; hata siku za njaa hakuzipika.

Shule niliiacha njiani, lakini kitabu nimekimaliza. Kengele zinalia kurasa nyingi. Mkulima yule hayumo, na mbegu bado ziko mfukoni.