Visigino vya Mama Mawe

Siku ya kwanza nilipomwona, niliona viatu vyake kabla ya uso wake. Nilikuwa nimeinamia kazi, kama ilivyo kawaida yangu mteja mgeni akiingia, na jozi ya viatu vyeusi vya ngozi ikatua mezani. Nikavigeuza. Nilikuwa nimeshona viatu miaka ishirini na mitatu, na soli hunieleza mtu alivyo kabla hajafungua mdomo. Hizi zilinishinda. Kiatu cha kushoto kilikuwa kimelika upande wa nje, cha kulia upande wa ndani.

"Una miguu miwili ya kushoto?" Maneno yalinitoka kabla sijayazuia, mimi ambaye hata salamu huwa naipima.

Alicheka mpaka akashika mlango. Alikuwa mama mfupi mwenye mvi, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyetoka majini sasa hivi. "Hata marehemu mume wangu alinishuku hivyo tulipokuwa tunacheza dansi," alisema. "Nitengenezee, fundi. Alhamisi nina safari."

Nikavitengeneza kweli kweli. Nilibandua visigino vya zamani, nikapigilia vipya, nikavisawazisha hata ukiweka gololi juu yake haibingiriki. Nilijivuna moyoni.

Wiki iliyofuata alirudi mkono umefungwa bendeji.

"Viatu vizuri mno," alisema. "Sasa vikate upande."

Nilidhani ananitania. Akavuta kiti, akanieleza. Alikuwa amefua mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini, katika chumba cha chini kisicho na dirisha, mvuke mtupu. Siku aliyostaafu alitoka na mkoba wake, akaelekea baharini, akafuata njia nyembamba ya mawe iliyo kando ya maji mpaka inapoishia, akarudi kwa basi. Tangu hapo alikwenda kila Alhamisi, upande ule ule, bahari ikiwa kulia kwake. Watu wa mtaani wakamwita Mama Mawe, naye akalipenda jina hilo kuliko lake. Alhamisi iliyopita, kwa mara ya kwanza, aliteleza. Binti yake, ambaye ni muuguzi, alimfunga mkono huku akitoa hukumu: akianguka tena anahamia kwa mwanawe wa kiume, ghorofa ya sita, safari ya siku nzima kutoka baharini.

"Umemwambia ni viatu?" niliuliza.

"Nimwambie aje akugombeze? Ungeingia chini ya meza."

Alikuwa ameshanijua. Lakini kukata kisigino nilichokinyoosha mwenyewe, hapana. Nilimwambia, macho yangu kwenye kopo la gundi, kwamba siharibu kiatu kwa mkono wangu.

"Basi Alhamisi funga duka, twende ukaone."

Sijui nilikubali vipi. Nilitia kisu na tupa mfukoni, kwa mazoea tu. Binti yake alitufikisha mwanzo wa njia. Alimtazama mama yake, kisha mimi, kisha viatu.

"Nitawangoja kituo cha basi, kule mwisho. Mama, nikuone unakuja kwa miguu yako."

"Nije kwa ya nani?" alijibu mama.

Nilidhani tutakwenda mbio. Kumbe alitembea kama mtu anayesoma barua aliyoingoja muda mrefu. Alisimama penye kidimbwi kunionyesha kaa wadogo kama vifungo vya shati. Alisimama penye tundu ambamo wimbi lilivuta pumzi chini ya mwamba. "Sikiliza, linakoroma. Marehemu mume wangu mtupu." Mawe yalikuwa mekundu, mbele kidogo yakawa meusi yanayong'aa, na povu likapanda na kushuka juu yake. Nimezaliwa mji huu, na sikuwahi kujua kwamba bahari yetu ina rangi nyingi kiasi kile.

"Miaka thelathini nimetazama povu," alisema akimenya chungwa. "Hili halihitaji kusuuzwa."

Ndipo tukafika kwenye jabali. Lilikuwa pana, laini, limeinamia majini, na hapakuwa na njia nyingine. Alikanyaga. Mimi nilikuwa nyuma, macho yangu pale yanapokuwa siku zote, miguuni. Nikaona. Jiwe lilikuwa juu kushoto, chini kulia, na kisigino changu kilichonyooka kilishika kwa ukingo mmoja tu. Kifundo cha mguu kikalalia upande wa bahari. Njia ilikuwa imevichonga vile viatu kidogo kidogo, kwa miaka, mpaka vikalala sawa juu yake. Mimi nikaifuta kazi hiyo kwa asubuhi moja.

"Rudi, mama. Vua."

Alivua, akakaa akichezesha vidole juani. Nilikata cha kushoto nje, cha kulia ndani. Nikakiweka kiatu juu ya jabali, nikakitazama, nikapiga tupa tena. Nilikuwa nikiiwaza ile ghorofa ya sita, na tupa ikaenda mbio.

"Polepole, fundi. Bahari haifungi duka."

Akavaa, akapita. Hatua kumi na moja, wima, bila kushika kitu. Zamu yangu ilipofika, nilipita kwa magoti.

"Fundi, umedondosha nini?" aliniuliza kutoka ng'ambo.

Kituoni binti alimkagua mama yake juu mpaka chini, kisha akaona suruali yangu iliyochanika magotini. "Nani ameanguka?"

"Hakuna, ila huyu ametambaa," alisema mama. "Mpeleke yeye ghorofa ya sita."

Binti alicheka. Neno la kuhama halikutajwa tena.

Kwa miaka sita nilipinda visigino vile. Mafundi wenzangu wakipita walinicheka, nikawaacha wacheke. Baadhi ya Alhamisi nilifunga duka nikaenda naye, na kila tulipofika kwenye jabali yeye alipita wima, mimi kwa magoti.

Alifariki usingizini, Jumatano moja, viatu vikiwa mlangoni vimeshapigwa rangi. Jumatatu ya wiki hiyo hiyo alikuwa amekuja kuvichukua dukani. Alivigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ule upande uliokatwa, akacheka kama siku ya kwanza. Alipofika mlangoni akageuka.

"Alhamisi hii, fundi, jaribu kupita umesimama."