Mama Alipogoma Kula

Juzi, kwenye benchi la hospitali moja Mbeya, nilimwona mama akirudisha taratibu andazi alilopewa na mwanawe. Nikakumbuka mchana mmoja Iringa.

Tulikuwa tumetoka Igowole alfajiri, mimi, baba na mama. Mama alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake, na maji pia aliyakataa. Nilidhani amemnunia baba. Korido ilinuka dawa ya kupigia deki, na mahali fulani gurudumu la kitanda lilikuwa likilia. Nikampa ndizi yangu.

“Kula wewe, mwanangu,” alisema, akageukia ukutani.

Wakamwita ndani. Sikujua kwamba walikuwa wanampitishia mpira wenye kamera kooni hadi tumboni, ndiyo maana alitakiwa akae na njaa. Wala sikujua kwamba dada yake alikufa kwa saratani ya tumbo. Alipotoka, koo lilikuwa bado lina ganzi, hakusema neno. Mimi nikaona sasa amenuna kabisa.

Baadaye daktari akatuita.

“Kile kinyama tulichochukua tumboni tumekipima,” alimwambia baba. “Ni vidonda, vimeletwa na bakteria. Dalili ya saratani hatujaiona. Atatumia dawa, atapona.”

Baba alimshika mama mkono mbele ya watu, jambo ambalo sikuwahi kuliona nyumbani, na mama akaegemea bega lake akilia.

Nikashukuru kimoyomoyo kwamba wamepatana, nikalala njia nzima.