Mama wa Dirisha la Rufaa

Yule mama wa dirisha la rufaa hakukopeshi hata tabasamu. Analamba kidole, anafunua karatasi moja moja, midomo ikihesabu kimyakimya, na ukimharakisha anaanza upya kutoka ya kwanza. Mimi, bingwa wa maneno niliyeikimbia shule darasa la tano, nilimpelekea rufaa ya nyumba ya mama yangu, ile tuliyonyang'anywa na mahakama ya chini. Nilikuwa nimevimba kama chura, maana niliiandika bila wakili. Ilikuwa siku ya thelathini, ya mwisho ya kukata rufaa, na imebaki nusu saa wafunge.

"Baba, nakala ya hukumu haina muhuri. Hii ni ya kufungia karanga."

"Dada yangu, pokea tu. Nani ataangalia?"

"Mimi."

Akafunga dirisha, nakala yangu mkononi mwake. Nikajua nyumba imekwenda na maji. Kumbe kavua viatu, kapanda ghorofa tatu na mwili wake ule wa kabati, kamfuata msajili mwenye muhuri aigonge ile nakala. Akarudi anahema kama mvukuto, akapokea rufaa yangu, akaigonga tarehe.

"Sasa ukishindwa, ushindwe mbele ya majaji, siyo hapa dirishani kwangu."