Mlango wa Nne Kutoka Kwetu

Tegeni masikio, enyi kusanyiko la wasomaji. Juzi, katika stendi ya mabasi ya Same, nilimsikia mama mmoja, simu yake ikiwa kwenye spika, akizungumza na bintiye aliyehamia ng'ambo na kuwekwa karantini hotelini.

"Mama, siku kumi na nne peke yangu! Nitachanganyikiwa."

"Huchanganyikiwi. Taja nyumba zote, toka kwetu mlimani hadi kanisani, uombee kila mlango."

Binti akataja tatu, akakwama.

"Ya nne?"

"Nimesahau, mama."

"Ya bibi aliyekulea nilipolazwa hospitali! Kila Jumapili huniuliza habari zako." Mama akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Haya, anza na huyo."

Nikatabasamu, kisha nikajaribu kutaja majirani zangu. Nilikwama mlango wa pili, nami sikufungiwa popote.

Tubuni, ndugu zangu. Leo, kabla jua halijatua, kabisheni hodi.