Askari Asizidi Kiberiti

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Wekeni simu chini, hazina miguu ya kukimbia. Na wewe mwenye tabia ya kuruka mistari, rudi mwanzo, mimi sisemi mara mbili. Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Wenzangu tuliobebwa mgongoni wakati bendera mpya inapandishwa, ninyi mtaelewa hata pale nitakapoishia njiani.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mjukuu wangu Emanueli. Ni mtu mzima, ana ndevu, anafanya kazi Arusha, na bado anacheza. Alikuja likizo na maboksi ya askari wadogo wa plastiki. Yeye na wenzake huwapanga mezani, wanarusha dadu, wanapigana vita. Haya, kila mtu na starehe yake. Lakini alikaa barazani kwangu asubuhi mpaka mchana, askari mmoja mkono huu na mwingine mkono ule, anahema kama mtu anayechagua mke.

"Bibi, shida ni kimo," akaniambia. "Hawa wadogo, jeshi zima linaenea mezani, ila huoni sura zao. Hawa wakubwa unaona mpaka vifungo vya koti, ila wakifika kumi tu meza imejaa. Na ukishachagua kimo huwezi kuchanganya."

"Na hao waliofungwa kwenye boksi?"

"Hao sifungui, Bibi. Ni wa kukusanya tu. Ukifungua thamani inashuka."

Nikamwuliza, askari ambaye hajatoka kwenye boksi amepigana vita gani? Akacheka. Mimi sikucheka sana, maana shida yake niliijua. Niliijua kabla baba yake hajazaliwa.

Enzi hizo tulikaa Gendabi, nyumba ya tembe, mashamba ya mahindi upande huu na malisho upande ule. Sisi tulikuwa watu wa jembe. Majirani zetu walikuwa wafugaji, na mtoto wao Gidamis alikuwa rika la kaka yangu Tluway. Mimi nilikuwa mdogo wao, ila kwa kufinyanga hawakuniweza. Ng'ombe walipokwenda kunywa, sisi tulibaki kando ya maji kwenye tope jeusi, tunakanda. Harufu ya tope lile, samadi na majani yaliyokanyagwa, mpaka leo ikinipita puani nasimama.

Tulifinyanga askari. Tuliwavika wote sketi, wanaume wale, ili wasimame bila kuanguka. Baada ya mavuno kiwanja cha kupuria kilipobaki kitupu, tulichora mistari miwili, jeshi huku na jeshi kule. Silaha ilikuwa ndulele, lile tunda la njano lisiloliwa. Unaliviringisha taratibu kuelekea kwa adui. Askari akianguka ni mateka, anahamia kwako na atakupigania wewe. Nyuma ya kila jeshi lilisimama dume moja la ng'ombe, la udongo, ndilo lililokuwa linagombewa. Baba akipita na jembe lake begani alikuwa akisema, "Chezeni vita vya udongo. Vile vya damu wazee wenu walishavicheza, havikuwa na mshindi."

Msimu wa kwanza ulikuwa fujo tupu. Tluway alifinyanga askari wa urefu wa kiganja, na shingo kama za ng'ombe. Ndulele ikiwagonga inarudi ilikotoka. Gidamis kwa upande wake alileta vidogo kama maharage, vingi mno, hata upepo uliviangusha.

"Huyu wako ni mtu au ni mti?" Gidamis akauliza.

"Na hao wako ni jeshi au ni kinyesi cha mbuzi?" Tluway akajibu.

Wakashikana mashati. Mimi ndiye niliyekimbia ndani nikachukua kiberiti cha mama, nikakisimamisha katikati yao kwa upande wake mrefu. Nikasema, askari asizidi hapa. Kimo cha kiberiti kilitosha kumwekea mtu pua na mkuki, na kiwanja kilitosha jeshi zima. Wote wawili wakaachiana mashati, wakainama kutazama. Neno lilikuwa kwa mama, aliyesimama mlangoni anauliza moto atauwasha na nini. Mlio wa kofi lile niliusikia kwa sikio moja, la pili lilikuwa linavuma.

Basi tukakata vijiti viwili sawa na kiberiti, kimoja kwao na kimoja kwetu. Na hapo ndipo sisi watu wa jembe tukakosea. Tulipima askari wetu wangali wabichi, tukawaanika. Udongo ukikauka unajikunja. Gidamis alingoja wake wakauke ndipo akapima na kuwaparua utosini. Siku ya vita jeshi letu lilisimama mbele ya lake kama watoto waliotumwa dukani. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo sheria ikawa moja: kimo hupimwa kwenye ukavu. Mpaka leo nikiambiwa habari za mtu mpya, mchumba au kiongozi, nasema ngojeni akauke kwanza.

Kukusanya nako tulikusanya. Udongo wa Gendabi ni mweusi. Shangazi akitoka Tumati tulimwomba mwekundu, akauleta umefungwa kwenye kitambaa. Wa Maretadu ulikuwa wa rangi ya maziwa ya chai. Kwa hiyo ukimtazama askari ulijua kazaliwa wapi, na kwa kuwa mateka walihamahama, kila jeshi lilikuwa na watu wa kila mahali, kama siasa ilivyotaka. Tluway alianza kuwapenda mno. Wazuri wake hakuwapeleka vitani tena. Aliwafungia kwenye chungu kikuukuu nyuma ya nyumba, akawa anafunua, anawatazama, anafunika. Wetu wengine walikaa darini juu ya jiko, wanapigwa moshi na kushikwashikwa, weusi kama sisi wenyewe.

Lakini hakuna kilichofikia dume la Gidamis. Mtoto wa mfugaji anajua ng'ombe kama wewe unavyojua uso wa mama yako. Nundu ilikaa mahali pake, ngozi ya shingo ilining'inia, pembe ni miiba miwili ya mgunga. Alilipaka majivu ubavuni likawa na baka. Nililitamani kuliko nguo ya Krismasi. Misimu yote sikulipata.

Ndipo ukaja wakati wa kuhamia kijiji cha ujamaa. Balozi wa nyumba kumi alipita nyumba kwa nyumba. Nyumba zitakaa kwa mistari, shule itakuwa karibu, zahanati pia. Baba alikubali, maana alitaka tusome. Akina Gidamis walikuwa na ng'ombe wengi, na mistari haina malisho. Wakaamua kushuka nao tambarare, kufuata majani. Hakuna aliyegombana. Mama yake alileta kibuyu cha maziwa ya mgando, mama yangu akampa debe la mahindi, wakashikana mikono muda mrefu.

Asubuhi ya kuhama Gidamis akaja, fimbo mkononi, dume lake kwapani. Hakwenda kwa Tluway. Akaniwekea mimi mikononi.

"Njiani litavunjika," akasema. "Litakaa kwako. Ndama ni wangu. Maziwa ni yako."

"Dume lina maziwa?"

"Basi samadi ni yako."

Hakucheka, nami sikucheka. Vijana, labda hamjui. Wazee wetu walikuwa na desturi ya kuwekeana ng'ombe. Mtu anampeleka ng'ombe wake kwa rafiki wa mbali, rafiki anakamua, anapata mbolea, lakini ng'ombe na uzao wake ni mali ya mwenyewe. Ugonjwa ukipita upande mmoja, wale wa upande mwingine wanabaki. Na watu waliowekeana ng'ombe hawapigani. Gidamis alikuwa ananifanyia jambo la watu wazima, huku kamasi zinamtoka.

Lori likaja, na mama alikuwa na haraka. Vyungu, mawe ya kusagia, kuku, sisi. Akaona udongo wetu tumeurundika mlangoni, akashika kiuno. "Tunahama na matope? Huko tuendako ardhi ni ya mabati? Tupeni!" Tluway alikuwa ameshakificha chungu chake nyuma ya magunia. Mimi nilisimama na dume kifuani. Nilijua mama akisema jambo amesema, na nilijua nikilitupa Gidamis hatakuwa na kitu cha kumrudisha kwetu.

"Na hilo?"

"Hili si langu, mama. Ni ng'ombe wa Gidamis. Ameniwekea."

Mama alinitazama, akalitazama dume, akatazama vumbi la ng'ombe wa jirani zetu likishuka mbali. Kisha akafungua khanga yake ya kiunoni, akalizungushia, akapanda nalo mbele kwa dereva, kalipakata. Alisema neno moja tu: "Ng'ombe wa mtu haachwi njiani."

Mvua ilitukuta kabla hatujafika. Lori lilikuwa wazi. Tuliposhusha vyombo Tluway alifunua chungu chake, akakuta maji ya rangi tatu. Jeshi zima, wale wazuri wasioguswa, limekuwa rojo. Mama akachungulia akasema, "Haya, koroga uji wa askari wako unywe." Alikuwa mkali mama yangu. Lakini nilimwona baadaye akimpa Tluway nyama yake.

Kijiji kilikuwa kizuri. Shule ilikuwepo kweli, mwalimu ametoka mkoa wa mbali, anataka shikamoo hata chooni. Maji yakaja karibu. Ila kiwanja cha vita hakikupatikana tena, na upande wa pili hakukuwa na mtu. Gidamis sikumwona. Nilisikia wamesogea, wakasogea tena. Nimeolewa, nimezaa, nimezika, na dume limekaa darini kwangu kila nyumba niliyohamia. Pembe moja nimeibadilisha. Kila nisikiapo wafugaji wanapita na ng'ombe, bado natoka mlangoni.

Siku ile Emanueli alipokuja na askari wake nililishusha, na alipoliona aliinuka kitini. "Bibi, hili ni la zamani hasa! Kuna watu wanakusanya vitu hivi. Tuliweke kwenye kabati la kioo, lisiguswe." Akasimamisha askari wake kando ya dume, akasema kimo kinaendana.

Watoto wa siku hizi mna askari wenye vifungo, na hamjui mikono iliyowatengeneza. Sisi tulikuwa na matope, lakini kila tope lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ulijua jina lake na mbwa wake. Mnakusanya vyenu ili vibaki kwenu. Sisi kilicho bora tuliwapa wengine wakae nacho, ili tuwe na sababu ya kurudiana. Sisemi tulikuwa wema kuliko ninyi. Tluway alikuwa mchoyo kweli. Nasema tu kwamba askari wake waliyeyuka.

Kwa hiyo jioni ile niliwaita wote waliokuwemo nyumbani, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia hivi: Dume haliuzwi wala halifungiwi kiooni, litakaa darini penye moshi. Akija mtu wa ukoo wa Gidamis, hata mtoto, mkaribisheni maziwa kwanza, kisha mpeni dume lake. Na kesho nendeni mkachote udongo, kila mmoja wenu afinyange ndama mmoja, asizidi kiberiti, na mpime akishakauka. Mwenye ng'ombe akija asikute tumekaa na ng'ombe wake miaka yote bila uzao.