Mkazi wa Isecheno

Ngaa! Ndivyo kilivyolia kipande cha reli kilichogongwa kuita wafanyakazi kila asubuhi katika kituo cha msitu cha Isecheno, na Rispa Nabwire ndiye aliyetangulia kitaluni kupandikiza miche. Alikuja kama mke wa Shitandi, akitoka ng'ambo ya mpaka, Uganda. Mgongo ulipochoka, mwaka 1994, alikwenda mjini Kakamega kuomba malipo yake ya uzeeni.

"Ulizaliwa Uganda, mama," karani alisema. "Sina hakika kama wewe ni mkazi wa kudumu."

"Muulize chifu. Nilimbeba mgongoni, akinikojolea."

Foleni nzima ilicheka, isipokuwa karani. "Mumeo ameshafariki. Nikikupitishia malipo, kesho si utarudi kwenu?"

Rispa hakuondoka dirishani. Shitandi alipozikwa, kaka zake Rispa walikuja kutoka Uganda kumchukua. Aliwachinjia ingokho, kuku wa heshima, wakashiba, akawasindikiza hadi barabarani, akarudi peke yake. Kisha aliwaonyesha shemeji zake nafasi kando ya kaburi la mumewe, pale mke anapolazwa, wakaizungushia mawe. Hata mahindi hayapandwi hapo.

"Wengine wanangoja, mama. Sogea."

"Wangoje. Nami nilingoja miti ikue."

"Basi nipe kitu cha kuonyesha kwamba hutaondoka."

Rispa alisogeza uso karibu na wavu wa dirisha, akashusha sauti hata waliokuwa nyuma yake hawakusikia.

"Mahali pa kaburi langu pako tayari Isecheno, mwanangu. Njoo usimame hapo, halafu uniambie kwetu ni wapi."