Jina la Kadi ya Ghala

Niliacha shule darasa la saba niwalee wadogo zangu, kwa hiyo kazi ya kompyuta katika ofisi ya mizigo huku Changamwe nilipewa kwa majaribio. Siku ya mwisho ya majaribio, kompyuta kuu, inayotumia mfumo wa Linux, ikawa haipatikani kwenye kompyuta za ghalani. Ilikuwa na kadi mbili za mtandao, moja ya ofisi na moja ya ghala, nami nilizipa jina moja. Kompyuta za ghala zikiita jina hilo, zilielekezwa kwenye anwani ya ofisi, isiyofikika kutoka ghalani. Nilimpigia mdogo wangu aliye chuoni.

"Kaka, kila kadi ipe jina lake. Wewe uliyenifundisha kusoma, leo waniuliza mimi?"

Niliandika jina la pili kwa kadi ya ghala, na ghala likaipata kompyuta kuu. Meneja akaniambia, "Jumatatu uje kazini." Nilimpigia tena mdogo wangu nimshukuru, naye akanitangulia kunishukuru.